Mtoto anaingia gredi 10 Marekani: mwongozo kamili wa kuchagua kozi za Kingereza na historia

Mwezi wa 2 hivi, theluji bado ipo nje, mtoto anatoa karatasi iliyokunjamana kwenye begi anakwambia baba hebu saini hapa. Ile ya kijana wangu wa kwanza niliisaini nimesimama jikoni, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, nawahi shifti ya usiku, hata sikuisoma. Ilikuwa fomu ya kuchagua masomo ya mwaka wa pili wa hai skuli, yaani gredi 10, ule wenyewe wanauita sophomore. Nilichouliza ni hesabu umepangiwa ipi na sayansi ipi, basi, manake sisi tumelelewa hivo, sayansi ndo shule na historia ni hadithi za jioni. Mwaka uliofuata dogo anataka AP English Language ya gredi 11 (AP ni kozi za ngazi ya chuo zinazosomwa hai skuli, mwishoni kuna mtihani) anaambiwa wanaopendekezwa ni waliotoka Honors, yaani ngazi iliyo juu ya kozi ya kawaida, we ulikuwa kozi ya kawaida, labda gredi 12. Nikaenda shuleni kulalamika wakanionyesha fomu, sahihi ni ya kwangu kabisa.

Kwa binti aliyefuata nilijipanga, na haya ninayoandika ndo niliyoyajua kwa kuuliza uliza na kukosea. Mi nipo Columbus, Ohio, kwahiyo mifano mingi ni ya huku, ila nimewawekea na mambo ya majimbo mengine manake ndugu zetu wametapakaa.

Hatua ya kwanza: jua jimbo lako linadai nini

Usianze na "mtoto anapenda nini", anza na hesabu ya krediti, yaani pointi anazopata kwa kila kozi anayofaulu. Ohio mtoto anamaliza na krediti 20, ndani yake Kingereza ni 4 na masomo ya jamii ni 3, na kwenye hizo 3 lazima kuwe na historia ya Marekani nusu krediti, serikali ya Marekani nusu, na historia ya dunia nusu. Kozi ya mwaka mzima ni krediti moja, ya muhula mmoja ni nusu. Maana yake ni kwamba Kingereza kila mwaka kipo, hakuna kuruka, akifeli cha gredi 10 anakibeba mgongoni gredi 11 akiwa na kingine tena.

Alafu kuna mtihani wa jimbo. Ohio mtihani wa English II (Kingereza cha gredi 10) ni mmoja kati ya ile miwili (mwingine ni Algebra I) inayotumika kupima kama mtoto anastahili kumaliza, na alama inayotakiwa ni 684. Akikosa anaruhusiwa kurudia na kuna njia nyingine za kuonyesha uwezo, ila bora amalizane nao mapema. Texas nao wana mtihani wa English II unaohesabika kwenye kumaliza shule. Massachusetts walikuwa na wa kwao wa gredi 10, wapiga kura wakaondoa sharti la kuufaulu ndo umalize shule mwezi wa 11 mwaka 2024, mtihani wenyewe bado watoto wanaufanya.

Walioko California nyie sikilizeni vizuri, vyuo vya University of California vinapiga GPA, yaani wastani wa alama, kwa gredi 10 na 11. Yaani gredi 9 wanaangalia kama umefaulu kozi, lakini alama zinazohesabiwa zinaanza baada ya hapo. Kwahiyo huyo sophomore wako mnayemwona bado mtoto, tayari yupo kwenye mizani. Wanadai miaka 4 ya Kingereza na 2 ya historia, na kwenye ile 4 ya Kingereza wanakubali mwaka mmoja tu wa kozi za ESL au ELD, yaani Kingereza cha watoto ambao bado wanajifunza lugha. Nitarudi hapo.

Na wale mnaokimbiza watoto kwenye soka na riadha mkiota skolashipu, NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo, kwenye ngazi yao ya juu ya Division I wanataka kozi 16 za msingi, 4 za Kingereza na 2 za masomo ya jamii, na 10 kati ya hizo 16 ziwe zimekamilika kabla ya kuanza gredi 12. Mtoto anakimbia kama swala alafu anakwama kwa sababu ya Kingereza alichofeli gredi 10, inauma.

Hatua ya pili: kusanya karatasi zake

Omba transkripti, yaani karatasi ya kozi na alama zake zote, ni haki yako, haina hela au ni senti kidogo. Angalia alama za gredi 9 za Kingereza na historia, muhula wa kwanza na wa pili kila moja peke yake. Mtoto aliyetoka C kwenda B anapanda, aliyetoka A kwenda B kuna kitu, na ukiangalia wastani tu hawa wawili watafanana.

Kama mtoto yupo kwenye ESL omba na matokeo ya mtihani wa lugha wa kila mwaka. Ohio unaitwa OELPA, California ELPAC, Texas TELPAS, majimbo mengi sana mengine wanatumia wa WIDA. Matokeo hayo yanagawanywa kuongea, kusikiliza, kusoma na kuandika. Watoto wetu hapa ndo wanapodanganya macho, unamsikia anaongea na wenzake kama mzaliwa wa hapa hapa, unasema huyu Kingereza kimemwisha, kumbe kusoma na kuandika bado yuko nyuma hatua mbili. Fungua hiyo karatasi uangalie "kuandika" peke yake.

Mama mmoja Mkongomani tunayesali naye aliniuliza, niwakatalie ESL? Sheria inamruhusu mzazi kukataa huduma, ila mtoto anabaki kwenye orodha na mtihani wa kila mwaka anaendelea kuufanya mpaka afaulu. Mi maoni yangu, usikatae kwa aibu. Wengi wanakataa kwa sababu wanaona ESL ni ya wajinga, siyo. Cha kuuliza ni kingine: je hiyo kozi yake inahesabika kama krediti ya Kingereza ya gredi 10, au ni krediti ya hiari tu inayojaza ratiba? Kuna shule mtoto anakaa ESL pamoja na English 10 ya kawaida, ticha wawili au kipindi cha msaada pembeni, hiyo ndo nzuri. Kuna shule anapewa ESL badala ya English 10. Akifanya hivyo miaka mitatu unaweza kukuta ana vipindi vingi vya Kingereza na krediti hazitoshi chuo anachotaka. Uliza, waandike.

Hatua ya tatu: chagua Kingereza

Shule nyingi utakutana na hizi. Kuna English 10 ya kawaida. Kuna Honors English 10, vitu vinavyosomwa vinafanana ila mwendo ni wa haraka, insha nyingi zaidi, na mara nyingi kuna vitabu vya kusoma likizo ya kiangazi (hii watu hawaambiwi, wanafika Agosti mtoto anaulizwa kitabu hajakigusa). Shule chache zina AP Seminar. Na Ohio kuna College Credit Plus, yaani mtoto anasoma kozi ya chuo akiwa bado hai skuli.

Tofauti ya kawaida na Honors wazazi wengi wanadhani ni ugumu wa vitabu. Siyo sana. Tofauti ipo kwenye swali. Kozi ya kawaida wanauliza sana mwandishi amesema nini. Honors wanauliza amefanyaje, kwanini ametumia neno hili hapa, na hilo ndilo swali la AP English Language ya gredi 11 kuanzia ukurasa wa kwanza. Mtoto asiyezoea swali hilo gredi 10 anafika pale anasimulia hadithi upya wakati ameulizwa mbinu.

Mfano, gredi 10 shule nyingi wanasoma Julius Caesar ya Shakespeare. Ukisikia hivyo shangilia, manake Mwalimu Nyerere alishakutafsiria kwa Kiswahili tangu miaka ya 60, Juliasi Kaizari, nakala zipo ukitafuta. Chukua tendo la tatu onyesho la pili, pale Antonio anapohutubia watu kwenye msiba wa Kaizari. Somani kwanza kwa Kiswahili mezani, mzazi uwe umati, mtoto awe Antonio. Alafu muulize, huyu anamsifia Brutus (mmoja wa waliomuua Kaizari) mara ngapi, na sifa ya kwanza na ya mwisho zina ladha moja? Anakwambia hapana, mwanzo ilikuwa heshima mwishoni ni kejeli, maneno ni yale yale. Basi hapo hapo ameshafanya uchambuzi wanaoutaka, kilichobaki ni kurudi kwenye Kingereza na kuandika aya moja. Binti yangu tulifanya hivyo jumapili moja, mdogo wake akawa maiti ya Kaizari chini ya shuka, alipata A- na mpaka leo anakumbuka.

Kipimo changu cha nyumbani kabla ya kuamua Honors: mpe kurasa 20 za hadithi asiyoijua, simu ikae chumba kingine, muda saa moja. Akimaliza aandike nusu ukurasa, siyo kusimulia, aseme mhusika mmoja anabadilikaje na aonyeshe mstari unaothibitisha. Akimaliza kurasa na akatoa mstari wenyewe, Honors anaweza hata kama sarufi inachechemea, sarufi inarekebishika. Akiishia kurasa 8 na kusimulia, English 10 ya kawaida itamjenga, na mwombe ticha kwamba lengo ni Honors gredi 11. Msimsukume kwa sababu mtoto wa jirani yupo Honors.

AP Seminar ni kitu cha pekee, siyo fasihi, ni utafiti. Wanafanya mradi wa kikundi, wanaandika insha ya utafiti ya maneno 2000 hivi, wanasimama mbele kuwasilisha, na mwezi wa 5 kuna mtihani. Kwa mtoto mwenye mdomo na anayependa kubishana ni dhahabu. Kwa mtoto mpole anayeogopa kusimama… sikatai, ila ongea naye kwanza. Na hakikisha shule yenu wanaihesabu kama Kingereza cha gredi 10, kuna wanaohesabu na kuna wanaoiweka kama kozi ya hiari, hapo atalazimika kuchukua na English 10 juu yake.

College Credit Plus ni bure kabisa ukiwa shule ya umma na chuo cha umma, ada hulipi, vitabu hulipi, kuanzia gredi 7 mpaka 12, na kozi ya chuo ya krediti 3 inahesabika krediti nzima ya hai skuli. Utamu wake kila mtu anausimulia. Uchungu wake ni kwamba alama inakaa kwenye transkripti ya chuo milele, na akifeli shule inaweza kukudai hela. Kwa gredi 10 mi nasema aanze na kozi ndogo moja ya kitu kingine, asianze na insha za chuo.

Hatua ya nne: historia, na hapa tukae kidogo

Hapa majimbo yanatofautiana. California, Texas, New York kwa kawaida gredi 10 ni historia ya dunia. Ohio shule nyingi wanasoma dunia gredi 9 na Marekani gredi 10. Uliza ya kwenu. Ngazi ni zile zile, kawaida, Honors, na AP, na AP ya gredi 10 mara nyingi ni AP World History: Modern, au AP European, wengine AP US History.

Mi nina upendeleo na AP World na sijifichi. Inaanza mwaka 1200 hivi mpaka leo, na kwenye sehemu ya biashara za Bahari ya Hindi miji ya Waswahili imo. Siyo kwa huruma, imo kwenye mtaala. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, yumo. Pepo za msimu zimo.

Siku moja binti yupo mezani ananiuliza monsoon ni nini maana ticha kaeleza kwa ramani yenye mishale hajaelewa. Nikampigia bibi yake Tanga, wasap, spika juu. Bibi akamwambia mjukuu wangu hiyo siyo mishale, hiyo ni kaskazi na kusi. Kaskazi ikivuma, Novemba mpaka Machi, majahazi yanashuka kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikigeuka Aprili yanarudi, na ukichelewa kuondoka unakaa unasubiri upepo mwaka mzima, ndo maana wageni wakaoa, wakajenga, lugha ikachanganyika. Dakika nne. Mtoto akaandika "wafanyabiashara walilazimika kukaa miezi wakingoja upepo, ndipo wakaoana na wenyeji na Uislamu na lugha vikaenea", na hiyo ni sentensi ya sababu na matokeo ambayo mtahini anaitafuta kwa tochi.

Mtihani wenyewe uko hivi: maswali ya kuchagua 55 kwa dakika 55, maswali mafupi 3 kwa dakika 40, insha ya nyaraka dakika 60, na insha ndefu dakika 40. Insha ya nyaraka ndo inayotisha, wanakupa nyaraka 7, barua, picha, hotuba, unajenga hoja. Inasahihishwa kwa pointi 7, moja ni ya hoja kuu. Watoto wengi wanaikosa kwa kuandika "biashara ilileta mabadiliko mengi", hiyo haina pointi, kila kitu kinaleta mabadiliko. Mwambie aseme mabadiliko gani na kwa sababu gani: "kuja kwa Wareno baada ya 1498 kulivunja uhuru wa biashara wa miji ya pwani kwa sababu walitumia mizinga kudai ushuru, ingawa wafanyabiashara wa pwani waliendelea na njia zao". Hiyo ina msimamo na ina "ingawa". Nilimwambia binti kila hoja kuu iwe na "kwa sababu" na "ingawa", kama haina rudi uandike upya.

Hela: mtihani mmoja wa AP mwaka 2025 ulikuwa dola 99, familia za kipato cha chini wana punguzo, kuna majimbo na shule wanalipia yote, uliza kabla hujasema hatuna. Kujiandikisha ni vuli, mwisho wa kuagiza ni mwezi wa 11, ukichelewa kuna dola 40 juu. Akipata 3 kwenda juu vyuo vya umma vya Ohio vinampa krediti. Ukilinganisha dola 99 na bei ya kozi moja ya chuo utaona mwenyewe.

Kama shule ina AP African American Studies, iliyoanza rasmi mwaka wa masomo 2024-25, iulizie pia, nayo inaanzia Afrika na pwani yetu imo sehemu ya kwanza.

Ila asichukue AP World na Honors English na AP nyingine ya sayansi kwa mpigo kama hajawahi kusoma AP hata moja. Kusoma kurasa za historia kila usiku ni kazi, na insha za Kingereza zinaangukia wiki ile ile. AP moja na Honors moja, gredi 10 inatosha.

Hatua ya tano: kozi za hiari

Fupi tu. Speech and Debate (hotuba na mdahalo), uandishi wa habari, saikolojia, sosholojia, uandishi wa kubuni. Mtoto ambaye kuandika kunamshinda mpeleke debate au gazeti la shule, ataandika bila kujua anaandika. Na Kiswahili chake msikitupe, majimbo mengi yana muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye diploma, na kuna mitihani ya Kiswahili inayokubalika. Muulize kaunsela, yule mshauri wa masomo wa shule, utaratibu wa shule yenu sasa hivi, siyo gredi 12.

Hatua ya sita: kikao na kaunsela

Omba miadi kwa imeili wiki ile ile fomu inapotoka, kaunsela mmoja ana mamia ya watoto. Kama Kingereza kinakupiga chenga omba mkalimani wa Kiswahili kwa maandishi, shule inayopokea hela ya serikali kuu inatakiwa kukuletea bila kukutoza. Sema ni Kiswahili cha wapi, mama yetu mmoja wa Bukavu aliletewa mkalimani wa kwetu Dar wakawa wanapishana maneno nusu saa. Na usimtumie mtoto kutafsiri kikao kinachomhusu yeye, atatafsiri anachotaka usikie.

Maswali ya kubeba: Kozi hii inafungua zipi gredi 11 na inafunga zipi? Honors inaongeza kiasi gani kwenye GPA? (kuna shule nusu pointi, kuna nzima, kuna hakuna kitu). Nani anapendekeza mtoto aingie Honors, na kama ticha hajampendekeza kuna fomu ya mzazi kuomba? Hiyo fomu shule nyingi ipo, haitangazwi. Mwisho wa kubadilisha ngazi ni lini?

Kama unaambiwa "mtoto wako atafurahi zaidi kozi ya kawaida", usikasirike, uliza kwa upole, ni alama ipi inayokuonyesha hivyo? Alama ikiwepo sikiliza. Isipokuwepo chukua fomu.

Hatua ya saba: saini, alafu ufuatilie

Kabla ya kusaini soma namba za kozi, siyo majina tu, manake English 10 na Honors English 10 kwenye fomu zinatofautiana herufi moja ya mwisho. Piga picha fomu yenye sahihi, pande zote mbili. Agosti ratiba ikitoka ilinganishe na picha, kompyuta za shule zinapangua sana, binti yangu alijikuta amepangiwa upishi kipindi cha AP World na tulirekebisha siku ya pili kwa sababu picha ilikuwepo.

Mwezi wa kwanza wa masomo usiangalie alama ya jumla, fungua kazi moja moja mtandaoni. Zikikosekana kazi za kusoma ni uvivu au simu. Zikiwepo zote na insha ndo zinaanguka, ni ngazi au lugha, muone ticha kabla ya mwisho wa mwezi wa 9, omba msaada wa baada ya vipindi kwanza. Kushuka kutoka Honors kwenda kawaida kuna tarehe yake, ikipita hiyo tarehe shule nyingine wanaacha alama mbaya imfuate mtoto kwenye kozi mpya, kwahiyo hiyo tarehe iandike ubaoni jikoni, pale pale unapovalia viatu.